Kiboko na mkata nyasi hukutana alfajiri

Uwanja wa gofu wa Jinja, Uganda, kando ya Naili, una kanuni ambayo wageni huisimulia kwao kama kichekesho: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, mchezaji anaruhusiwa kuutoa kwa mkono bila kuongezewa pigo la adhabu. Anayetunza nyasi hacheki. Kwake huo ni mbonyeo wenye alama za vidole vinne, umejaa maji ya mvua ya usiku, na lazima ujazwe mchanga, upachikwe kipande cha ukoka, kisha uzungushiwe kamba mpaka mizizi ishike.

Misimu yetu ya mvua ni miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Wakati huo ardhi hulainika na mnyama wa tani moja na nusu huacha alama kila anapokanyaga. Ungedhani kiangazi ni nafuu. Wapi! Januari majani ya kando ya mto yakikauka, panapobaki kijani ni pale panapomwagiliwa, na kiboko hula kilo 40 hivi kwa usiku. Tena hupenda nyasi fupi, ndizo hizo tunazomkatia. Tukimwita mvamizi tunamwonea kidogo.

Klabu nayo ina hoja. Uwanja ni ajira, na katika miji inayomeza kila kinamasi, ni afadhali nyasi kuliko maghala. Ndiyo maana wengine klabuni wanataka waya wa umeme wa kumzuia kiboko. Unafanya kazi, kwani kiboko haruki. Ila njaa yake haizimwi na waya: atazunguka hadi shamba la mahindi la jirani, ambaye hana waya wala ada za wanachama za kuununulia.

Wahifadhi wanasema rudisheni matete na mafunjo kwenye ukingo. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinataja ukanda wa hifadhi wa mita 200 kutoka Ziwa Victoria na mita 100 kutoka Naili, ingawa viwanja vingine vilitangulia kanuni hizo kwa mbali. Cha Entebbe kilianza 1901. Mafunjo huzuia mbolea ya viwanjani isiishie ziwani kulisha mwani. Hapo niko upande wao, kwa sharti moja: mpira ukiingia matete, umepotea. Asitumwe mbeba mikoba wa mchezaji kuupekua, maana matete yanayochuja mbolea ndiyo yanayomficha mamba.

 

Lakini mvutano huu wa waya na mafunjo unalisahau jambo la saa. Hapa karibu na ikweta jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa moja asubuhi, mwaka mzima. Mashine huwashwa kabla ya hapo, kwa sababu nyasi za kuzunguka shimo zinatakiwa ziwe zimenyolewa wachezaji wa kwanza wanapofika. Saa hiyohiyo kiboko anarudi majini, na akimkuta mtu kati yake na maji hapishi. Mtu huyo si mwanachama. Ni kijana wa kibarua, amevaa gambuti, kelele za injini zimemziba masikio.

Kwa hiyo ningeanza na ratiba, kabla hata ya waya. Alfajiri zikatwe nyasi za mashimo ya juu, mbali na maji. Ya ukingoni yangoje jua litoke na mtu apite kwanza kukagua nyayo mbichi. Gharama yake? Mashindano ya Jumamosi yatachelewa, na kuna watakaonung'unika. Hoja nzito kuliko kukawia kwa chai ya wanachama bado sijaisikia.