Balbu Inasasishwa, Tafadhali Subiri

Sijawahi kusikia mhasibu anatoka kazini, anafika nyumbani, anavua viatu, kisha anakaa kufunga hesabu za jirani kwa raha zake. Lakini sisi waandishi wa programu tunashinda kutwa nzima tukigombana na kompyuta ya mwajiri, jioni tunarudi nyumbani kupumzika kwa kugombana na ya kwetu. Ukimwambia mtu kwamba hiyo ndiyo starehe, anakuhurumia. Mama watoto aliacha kunihurumia zamani. Siku hizi ananitazama tu.

Chanzo ni balbu. Tena si ya sebuleni, ambako wageni wangeiona wakaisifu. Ni ya korido ya kwenda chooni. Zamani ilikuwa na swichi ukutani: unabonyeza, inawaka. Mfumo wa ajabu ule, hauna nenosiri, hautaki intaneti, haukuulizi kama umekubali vigezo na masharti. Mimi nikasema huu ni ushamba, tunahitaji balbu yenye akili. Shida ya kuleta kitu chenye akili nyumbani ni kwamba nacho kinaanza kuwa na madai.

Balbu ilikuja na programu yake ya simu. Programu ikataka nifungue akaunti. Akaunti ikataka barua pepe, ikataka kujua nilipo, ikataka kusoma majina yote niliyohifadhi kwenye simu. Balbu! Inataka kumpigia nani? Na nikibonyeza "washa", amri yenyewe haiendi kwenye balbu iliyo juu ya kichwa changu. Inatoka kwenye simu, inapita kwenye ruta, inavuka bahari, inafika kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni, huko katika nchi ambayo sina hata viza yake, inahojiwa imetumwa na nani, ndipo inaruhusiwa kuvuka bahari tena ije kuwasha taa iliyo hatua mbili kutoka niliposimama. Siku intaneti ikikatika, watu wanakwenda chooni kwa kupapasa.

Mtu mwenye busara ya kawaida angerudisha balbu ya zamani. Mtu mwenye busara ya kawaida haandiki programu. Mimi nikasema haiwezekani kampuni iamue nani aone njia ndani ya nyumba yangu, najenga seva yangu mwenyewe. Nikatoa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kukaa kiganjani, iliyoanza kuuzwa 2012 ili watoto wajifunze kuandika programu na ambayo, kwa ninavyoona, imeishia kwenye droo za baba zao. Nikaweka Home Assistant, programu huria (yaani yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuibadilisha) ya kuendesha vifaa vya nyumbani. Nikaweka na MQTT, utaratibu wa vifaa kupelekeana ujumbe mfupi mfupi. Huo ulibuniwa 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper, ili kufuatilia mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti. Yaani wenzetu walikaa wakaumiza vichwa kulinda mafuta, na mimi matunda yake ninayatumia kwendea haja ndogo. Wala sioni aibu.

Mtambo ukafanya kazi. Ukafanya kazi vizuri kabisa, mpaka memori kadi ya ile Raspberry Pi ikafa. Kadi zile hazipendi kuandikwaandikwa, na Home Assistant haina siri: mlango umefunguliwa, inaandika; joto limepanda, inaandika; taa imewaka, taa imezimwa, inaandika. Kadi imekufa ikiwa kazini, inatunza historia ya choo.

Wanasema kifo hakichagui siku. Waongo. Kadi ile ilichagua usiku ambao mama mkwe alikuwa kwetu. Nipo kitandani, namsikia koridoni anapapasa ukuta.

"Baba, swichi ya hapa iko wapi?"

"Hakuna swichi, mama, niliiondoa. Siku hizi tunawasha kwa simu."

Kimya.

"Simu yangu au yako?"

"Yoyote tu, mama. Ila ya kwako itabidi kwanza tupakue programu."

Kimya kingine, kirefu kuliko cha mwanzo.

"Mwanangu," akasema, "mimi nina haraka."

Nikaamka, nikamshikia tochi. Haikuuliza barua pepe ya mtu.

Asubuhi mama watoto akaniuliza, kwa ile sauti yake ya upole wa hatari, kwamba kazi yote hii ilikusudiwa kurahisisha nini hasa. Nikamwambia asinionee, wakubwa wote wa fani hii wamepita humu humu. Nikampa mfano wa Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za kitabu chake, akaona zimepangwa vibaya, zikamchefua. Akaamua kuandika mwenyewe programu ya kupanga kurasa, ikiisha upesi arudi kwenye kitabu. Programu hiyo ndiyo TeX. Ilimla miaka kama 10, na njiani akajikuta ameunda hadi programu nyingine ya kuchora herufi, maana zilizokuwepo hazikumridhisha. Mpaka leo wanahisabati wanaandikia makala zao kwa TeX. Nilieleza kwa hisia, nikasimama hadi kwenye kiti. Mama watoto alisikiliza mpaka mwisho.

"Yeye ana vitabu," akasema. "Wewe una tochi."

Sikumjibu. Nikaweka kadi mpya, na safari hii nikataka taa ijiwashe yenyewe jua likizama, binadamu asiguse kitu. Hapo ndipo nilipokutana na mambo ya saa. Nawaambia ukweli, kama kuna mtu anakudanganya kwamba tarehe na saa ni kazi ndogo kwenye kompyuta, huyo hajawahi kuzishika. Nepali wako mbele ya UTC, ile saa ya kulinganishia saa za dunia nzima, kwa saa 5 na dakika 45. Hizo dakika 45 zimeliza watu wazima. Samoa nao waliamua kuhamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, wakalala Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011, wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa nzima haikutokea! Sasa mimi nimekaa usiku, naandika programu ya taa ya koridoni, najiuliza kama inaweza kuhimili kupotea kwa Ijumaa. Halafu kuna 2038. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde kuanzia 1 Januari 1970, na zile zinazoweka hesabu hiyo kwenye biti 32, yaani tarakimu 32 za sifuri na moja, zitafika ukomo tarehe 19 Januari 2038. Baada ya hapo namba inageuka kuwa hasi, na kifaa kinaamini ni Desemba 1901. Nimeshaweka ukumbusho kwenye kalenda. Wakati ninapambana na 1901, balbu ilikuwa inawaka mchana kweupe na kuzimika giza likiingia, kwa nidhamu kubwa, haichelewi hata dakika.

Nikaona basi nitengeneze ukurasa mdogo wa kuniambia taa imewaka au imezimwa. Neno moja tu. Ukurasa wa neno moja, ukivuta vikorokoro vyake vya JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, unaleta mafurushi mia kadhaa ya programu yaliyoandikwa na watu usiowajua, kila mmoja naye anamtegemea mwingine. Machi 2016 kijana mmoja aliondoa furushi lake lililoitwa left-pad kwenye npm, hifadhi ya mtandaoni ya mafurushi hayo, mistari 11 tu, kazi yake ni kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mikubwa mikubwa ikagoma kujengeka dunia nzima. Nafasi za kushoto! Tangu siku ile kila nikiona kitu kimesimama, najiuliza kimesimama juu ya mistari 11 ya nani.

Habari za balbu zikafika kwenye kundi letu la waandishi wa programu, lile la kukutana jioni kupeana mada. Wakaniomba nizungumze dakika 20. Kuandaa mada kuna kanuni yake: muda wote unaishia kwenye kuchagua mwandiko wa slaidi, na yale utakayosema unayawaza ukiwa njiani. Nikaipa jina "Kujitegemea Kidijitali: Nuru Isiyovuka Bahari". Nikajiona msomi.

Nafika ukumbini, laptopu yangu ina tundu la aina hii, waya wa projekta una kichwa cha aina ile. Kila kundi lina mtu mmoja mwenye adapta, na mtu huyo ndiye anayechelewa. Tukamsubiri. Akaja, tukachomeka, picha ikatokea, watu wote ukutani wamekuwa wa zambarau. Fundi akatikisa waya, wakawa wa kijani. Tukakubaliana kijani kinatosha.

Sasa, mimi si mgeni wa mambo haya. Maonyesho ya moja kwa moja yana kisirani chake. Aprili 1998, huko Chicago, Bill Gates alisimama jukwaani kuonyesha Windows 98, msaidizi wake akachomeka skana, kioo kikawa buluu mbele ya umma. Kama yeye na pesa zake yalimkuta, mimi na kadi yangu ni nani? Kwa hiyo nilirekodi video mapema, balbu inawaka, balbu inazimika, safi. Video ikakataa kufunguka, eti kompyuta imekosa kodeki, kile kiprogramu cha kufumbua video. Basi nikalazimika kutumia balbu yenyewe, kwa simu, kutoka pale pale ukumbini, kioo cha simu kikionekana ukutani. Nikawaambia wasikilizaji kwamba mfumo huu sasa umetulia, kwamba nyumbani kwangu watu wamesahau kabisa habari ya swichi. Neno "swichi" halijanitoka vizuri, juu ya ukuta, kwa herufi kubwa za kijani, ukaingia ujumbe: "Baba watoto taa imezimika tena tochi umeweka wapi".

Walipiga makofi. Mpaka leo wapo wanaoamini nililipanga lile.

Kisha maswali. Akasimama yule wa "langu si swali, ni mchango". Mchango wake ulikuwa mrefu kuliko mada, na ulihusu mradi wake. Akafuata kijana wa Rust, lugha ya programu inayosifiwa kwa kulinda kumbukumbu ya kompyuta. Kama kundi lenu halina kijana wa Rust, basi bado hamjawa kundi.

"Kaka, kwa nini hukuandika kwa Rust?"

"Ni balbu, ndugu yangu."

"Sawa, lakini usalama wa kumbukumbu?"

Nikamwambia kumbukumbu iliyonitesa mimi inauzwa dukani, inaitwa memori kadi, na hiyo hata Rust haiiokoi. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Sijui nini.

Mkutano ukiisha, watu husimama mlangoni kubishana juu ya programu za kuandikia. Wazee wa Vim huwa na nyuso za watu waliookoka. Vim ipo tangu 1991, na mwaka 2017 Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandishi wa programu, walitangaza kwamba swali la namna ya kutoka ndani yake limefunguliwa zaidi ya mara milioni moja. Milioni! Watu wamo ndani, wanatafuta mlango. Waliofanikiwa kutoka ndio hao mlangoni, wanakushauri uingie. Na wasipobishania Vim wanabishania kibodi na swichi zilizo chini ya vitufe vyake: za buluu zinazolia, za kahawia zinazokugusa kidogo kidoleni, nyekundu zinazoteleza kimya. Mimi ni wa buluu. Kazini, kwenye vikao vya mtandaoni, mwenyekiti hunizima maikrofoni kabla ya kunisalimia. Wivu tu.

Na baada ya yote haya, ukoo mzima unajua kitu kimoja kunihusu: "anajua kompyuta". Maana yake printa. Nimeandika programu inayohimili kupotea kwa Ijumaa, lakini simu zinazonifikia zinahusu printa. Na printa si adui wa leo. Richard Stallman, mwandishi wa programu wa Marekani, alipokuwa maabara ya chuo cha MIT, alitaka kuirekebisha programu ya printa ya Xerox ili iwajulishe watu karatasi zikikwama, akanyimwa msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu hiyo. Kisa hicho ni kimoja katika yaliyomchochea, na mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, asili ya programu huria nyingi tunazotumia. Mwenzangu printa ilimkera akaanzisha vuguvugu. Mimi inanikera, napokea simu.

Juzi alipiga mjomba, printa imegoma. Nikamwambia aizime, asubiri kidogo, aiwashe. Ikachapa. Badala ya asante, akauliza, "Na hilo ndilo ulilosomea miaka yote ile?" Nikamwambia ndiyo mjomba, ila sisi tunasomea hasa kile kipande cha kusubiri.

Mjomba hana kifua. Hata saa haijapita, shangazi huyu hapa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Rimoti ya runinga imekataa kabisa."

"Badilisha betri, shangazi."

"Aa, sawa. Na hizo betri, mwanangu, zinapakuliwa wapi?"

Nikavuta pumzi. Nikaanza kumweleza taratibu, kwa heshima zote, kwamba betri ni kitu cha kushika mkononi, haipakuliwi, haina akaunti. Nilikuwa nimeshafika kwenye chanya na hasi ndipo nikasikia, nyuma ya sauti yake, mama mkwe anacheka.