Dick "Night Train" Lane: pasi 14 ndani ya mechi 12, na bado hatajwi

Kila msimu wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ukianza watu wanaanza kubishana nani beki bora wa muda wote, wengi wanamtaja Deion Sanders, wengine wanataja hawa vijana wa juzi juzi, ila jina la Dick Lane hulisikii kabisa na kiukweli linaniuma. Mwaka 1952, msimu wake wa kwanza kabisa, huyu jamaa alinasa pasi 14 za wapinzani ndani ya mechi 12. Kumi na nne! Kwa asiyefuatilia huu mchezo, beki akinasa pasi tano sita kwa msimu mzima anasifiwa mpaka basi. Toka hapo ligi imeongeza mechi, zikawa 14, zikawa 16, sasa hivi 17, na hakuna aliyemfikia. Beki Lester Hayes aliishia 13 mwaka 1980, beki mwingine Trevon Diggs alipata 11 mwaka 2021 tena msimu wa mechi 17 na dunia nzima ikamuongelea.

Lakini mimi kinachonikaa kichwani zaidi ya rekodi ni jinsi alivyoingia. Lane alitoka jeshini baada ya miaka minne, akapata kazi kwenye kiwanda cha ndege Los Angeles, akidhani anaenda kukaa ofisini kupanga mafaili, kumbe kazi yenyewe ni kunyanyua mabamba makubwa ya chuma na kuyapanga, oili inamchuruzikia mwilini kutwa nzima. Basi alilokuwa anapanda lilikuwa linapita kwenye ofisi za Los Angeles Rams, timu ya NFL. Siku moja akaingia mle ndani na daftari alilobandika vipande vya magazeti, habari za mechi zake za jeshini na za chuo kidogo cha Scottsbluff kule Nebraska alikochezea msimu mmoja tu, akaomba ajaribiwe. Hana wakala, hakuna skauti aliyemleta, hakuna anayemjua. Kocha Joe Stydahar akaliangalia lile daftari, akamwambia aje kambini.

Na huyu ni Mmarekani mweusi, mwaka 1952. Rams walikuwa wameshafungua mlango tangu 1946 walipomsajili Kenny Washington na Woody Strode, ila timu ya mji wa Washington ilikaa bila mchezaji mweusi hata mmoja mpaka 1962. Yaani angeshuka kwenye basi mbele ya ofisi nyingine hii stori isingekuwepo. Na leo je, na hizi kambi za kupima mbio mpaka nukta za sekunde, na draft, yaani timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, inayotegemea chuo gani umechezea, mtu kama yeye angepitia wapi? Mimi siuoni huo mlango.

Halafu kuna utoto wake. Austin, Texas, akiwa na miezi mitatu alitupwa jalalani, amefunikwa magazeti. Mama mmoja mjane, Ella Lane, akasikia sauti akadhani ni paka analia, akasogea, akafunua, akakuta mtoto. Alikuwa na watoto wake tayari, ila akambeba akaenda kumlea kama wa kwake. Kila nikifikiria lile daftari la vipande vya magazeti nakumbuka na yale magazeti ya jalalani.

Kambini walianza kumjaribu kama mpokeaji pasi, lakini mbele yake kuna Tom Fears na Elroy Hirsch, wapokeaji nyota wa Rams, nafasi utaipata wapi. Alikuwa anaenda chumbani kwa Fears kumuuliza maswali ya mchezo, na Fears alikuwa anapenda kupiga santuri ya wimbo unaitwa Night Train, wenzao wakamkuta hapo na jina likamganda. Akahamishiwa ulinzi, na nadhani yale maswali ndo yalimfanya ajue mpokeaji anawaza nini kabla hajageuka.

Kukaba kwake kulikuwa kwa hatari, anakuja mzima mzima anakukaba shingoni au kichwani, mpaka ukabaji huo ukapewa jina, tai ya Night Train, yaani ile tai ya kuvaa shingoni. Sitetei hiyo, watu wangevunjika shingo na ligi ilifanya vizuri kubana sheria. Ila wakati anafanya ilikuwa ruksa.

Baada ya Rams akaenda Chicago Cardinals, akamalizia Detroit Lions 1965, jumla alinasa pasi 68, ubingwa hata mmoja hakupata. Mwaka 1963 alimuoa mwimbaji Dinah Washington, na Desemba ya mwaka huohuo, miezi michache tu ya ndoa, akaamka usiku akamkuta mkewe haitikii, vidonge vya usingizi vimemuua akiwa na miaka 39. Msimu uliofuata Lane alirudi uwanjani.

Akaingizwa kwenye jumba la mashujaa wa mchezo mwaka 1974, na kuanzia 1975 mpaka 1992 alikuwa anaongoza programu ya michezo ya watoto inayoendeshwa na polisi Detroit, watoto wa mitaa ya kawaida tu. Alifariki Austin, Januari 2002. Kwa hiyo mkikaa tena kupanga orodha zenu, anzeni na yeye kwanza, halafu huyo Deion tutamuongelea.