Chumvi haijui snokeli

Juzi fundi wangu kaingia chini ya Prado na bisibisi, akawa anagonga gonga chasisi, kimya. Nikajua hapa pana jambo, manake yule huwa hanyamazi. Mara nikasikia kruu, bisibisi imezama mpaka kwenye mpini. "Bosi, hebu lala hapa uone." Nikalala chini nikaona tundu kama shilingi kumi, karibu na pale panapokaa springi ya nyuma, na kutu inamwagika kama majani ya chai. Na juu ya gari hiyo hiyo kuna reki mpya, taa nne za kumulika mpaka Langobaya, na snokeli, lile bomba refu la kuvutia injini hewa kutoka juu ukipita majini.

Niliona aibu wallahi.

Sisi wenye fo wili huku Malindi tunapenda vya kuonekana bwana. Jioni tukikaa ni nani kainua gari inchi mbili, nani kafunga winchi (ambayo hajawahi kuivuta hata siku moja), nani kaagiza tairi za mabonge, lakini sijasikia mtu akiulizwa lini mara ya mwisho kaosha chini ya gari. Na mi nasema adui wa gari hapa si mawe ya njia ya Sala Gate wala matope ya Marafa, ni chumvi. Hata usipokanyaga ufuoni, kusi ikivuma inakuletea mpaka kwako, asubuhi pitisha kidole kwenye kioo ulambe. Sembuse sisi tunaoshuka Mambrui kila Jumapili maji yakipwa, tukirudi tunamwagia bodi ndoo mbili ing'are halafu tunaingia ndani kula. Chini hakuna aliyegusa, mchanga wenye chumvi umejaa ndani ya chasisi unakula chuma pole pole wiki nzima.

Wenye Land Rover Defender za zamani ndio hunichekesha, "yangu alumini haioti kutu." Bodi ndio alumini, chasisi je? Chuma kama ya kwangu. Tena pale alumini na chuma vinapogusana pakipata maji ya chumvi ndio hulika haraka zaidi.

Dawa yenyewe ni mpira wa maji baridi (yaani yasiyo ya chumvi), dakika kumi na tano, unaupenyeza kwenye matundu ya chasisi mpaka maji yatoke meupe. Siku hiyo hiyo, si kesho. Kuna wanaopaka oili chafu chini, mi hata niliwahi, kutu ilipungua kweli lakini bushi za mpira zikavimba zikawa kama andazi, na mahali nilipopaki pakawa kama gereji, mke wangu alinuna wiki.

Jambo jingine ni hii mitambo tunayoilipia halafu hatuitumii. Mwaka jana nilizama ufuoni mbele ya Mambrui, maji yanaanza kujaa na ilikuwa bamvua, na bamvua huku bahari hupanda kama mita tatu hivi haina mzaha. Nikavuta ile gea ndogo toka H kwenda HL, inayofunga difu ya kati (zile gea zinazogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma), taa ya difu ikawa inawakawaka tu haitulii. Kumbe kale kamota kanakofunga difu ya kati kalishaganda kwa kukaa miezi bila kazi. Sasa kama una Prado ya zamani kama yangu, kila mwezi tafuta mchanga au barabara ya vumbi uifunge hiyo difu utembee kidogo (usifanye kwenye lami, utaiumiza).

Siku ile nilikanyaga mafuta nikazidi kuzama, mpaka akapita mzee mmoja mvuvi na kapu lake, akasimama akanitazama weee, akasema, "Mwanangu, hiyo gari unaichimbia kaburi. Toa pumzi kwenye tairi." Nikamwambia shikamoo mzee, akili zikanirudi. Nilikuwa na psi 35, nikatoa mpaka 18 zote nne, tukafukua mchanga mbele ya tairi, ikatoka kama haikuwa imekwama. Akaniambia pia nisipande kule juu karibu na majani, kasa hutaga kule. Sikuwa nimewaza hilo kabisa.

Na snokeli, maana ndio hunikera. Inalinda injini isinywe maji, sawa, lakini difu nayo inapumua kupitia kijibomba kidogo. Difu ikiwa ya moto ukaingia majini inapoa ghafla inavuta, na kama kile kijibomba kimeziba, maji yanapita kwenye sili. Yangu ilipofunguliwa oili ilitoka kama chai ya maziwa. Kuongeza kijibomba kipande cha mpira ukakipandisha juu hakufiki hata robo ya bei ya snokeli, ila ndio hivyo, hakuna atakayekisifu.

Watu wa Lamu wametulia zao, punda hana chasisi.

Welding imeanza jana, fundi kakata kipande chote kilichooza, anatia bamba jipya. Reki nimeiuza ndio imelipia, bado taa. Snokeli nayo iko sokoni, anayeitaka aje, nitamuonyesha na chini.