Vifaa vya kukeneka: tukubaliane ukubwa mmoja wa mdomo

Boksi lilishushwa stendi ya Lindi alasiri, likitoka Dar es Salaam kwenye buti la basi. Konda alinikabidhi kwa mikono miwili: "Pokea, mwalimu. Njia nzima sijasikia kitu kikilia humu." Na kweli, hakuna kilichovunjika. Kesho yake nikalifungua mbele ya Kidato cha Kwanza, maana tulikuwa kwenye mada ya kutenganisha michanganyiko na watoto walikuwa wameshachora mchoro wa ukenekaji, yaani kuchemsha kimiminika na kuupoza mvuke wake urudi kuwa kimiminika, mara tatu bila kuuona kwa macho. Flaski ya duara, kile kichwa cha matawi matatu kinachoshika kipimajoto, kondensa ya kupozea mvuke, bika ya kukingia. Nikachomeka kichwa kwenye flaski, kikakaa. Nikachomeka kondensa kwenye kichwa, ikacheza mle ndani kama mwiko kwenye chungu. Flaski na kichwa vilikuwa 24/29. Kondensa ilikuwa 19/26.

Namba hizo zimechapwa kwenye kioo kwa maandishi madogo, na ndizo zinazoamua kama pesa ya shule imenunua kifaa au pambo la kabati. Ya kwanza ni upana wa mdomo uliosagwa, pale unapopanuka zaidi, kwa milimita. Ya pili ni urefu wa sehemu iliyosagwa. Kwa hiyo 24/29 na 24/40 zitashikana, kwa kuwa upana ni ule ule na sehemu iliyosagwa inachongoka kwa kiwango kile kile. Lakini 19 na 24 hazitaonana hata ufanye nini. Watoto wangu mwaka ule waliuchora mchoro mara ya nne.

Simlaumu mzabuni peke yake. Karatasi ya maombi iliyotoka shuleni iliandikwa "kondensa, 1", basi. Aliyeijaza hakuwa mtu wa maabara, na aliyelinganisha bei aliangalia bei. Tangu kampeni ya maabara tatu kwa kila shule ya sekondari ya kata, ile ya mwaka 2014 na 2015, tumejenga vyumba vingi mikoa hii ya Kusini. Lakini kuvijaza vyumba hivyo tumeendelea kufanya kila shule kivyake, boksi kwa boksi, kila boksi na mdomo wake. Ninachokitaka ni hiki: shule za wilaya moja tukae, tuchague ukubwa mmoja wa mdomo, na tangu siku hiyo asinunue mtu kingine. Kioo kitavunjika, hilo halina mjadala. Shule A ikivunja flaski na shule B ikipasua kondensa, kama midomo inalingana bado tuna seti moja nzima ya kuazimana. Kama hailingani, tuna makabati mawili ya vipande.

Nitasema pia juu ya kioo chenyewe. Flaski ya kuchemshia lazima iwe ya borosiliketi, kioo kinachostahimili joto, na nyingi za kweli huandikwa "3.3" ubavuni. Hicho ni kipimo cha jinsi kinavyotanuka kwa joto, takriban theluthi moja tu ya kioo cha kawaida cha dirisha au chupa ya soda. Ndiyo maana kinastahimili moto wa kichomeo. Kuna njia niliyoipenda ya kukagua fimbo au mrija wa kioo ambao hauna alama: uchovye kwenye mafuta ya alizeti. Borosiliketi na mafuta ya kula hupindisha mwanga karibu sawasawa, kwa hiyo fimbo ikizama inapotea kabisa machoni, unabaki umeshika nusu ya juu tu. Kioo cha kawaida kinaendelea kuonekana. Niliwafanyia wanafunzi jambo hilo kwenye bilauri ya mafuta, na binti mmoja wa mbele akaingiza kidole kuhakikisha fimbo bado imo.

Matunzo ndiko tunakopoteza zaidi. Maji ya visima vyetu vya pwani yana chokaa. Yakipita kwenye koti la kondensa, ule mrija wa nje unaopitisha maji ya kupozea, muhula mzima yanaacha utando mweupe, na utando huo unazuia joto kutoka, mvuke unapita bila kupoa. Dawa yake ni siki au maji ya ndimu: jaza koti, liache usiku mzima, suuza. Ukiweza kukinga maji ya mvua yatumie hayo. Kwa wenzetu wa Newala, kule juu ya uwanda wa Makonde ambako maji yana thamani kubwa, kuacha bomba likimwagika saa nzima kwa ajili ya somo haiwezekani kabisa. Hata huku chini sifungui bomba. Naweka ndoo juu ya meza, mpira unaingiza maji kwenye kondensa kwa chini, yanatoka kwa juu na kuangukia ndoo ya sakafuni, kisha mwanafunzi anayarudisha juu. Maji lazima yaingie kwa chini, koti lijae lote. Ukiyaingiza kwa juu yatachuruzika upande mmoja, huku upande mwingine wa kioo ukiungua.

Baada ya kazi, tenganisha vipande kungali na uvuguvugu na uweke kipande cha karatasi kati ya midomo. Vikilala vimeshikana mpaka muhula ujao, vitagandana, na hapo ndipo mtu anaponyonga kwa nguvu na kujikata kiganja. Kipimajoto nacho usikisukume kikavu kwenye kizibo cha mpira. Paka sabuni, kishike karibu na kizibo, funga mkono kwa kitambaa. Na vigae vya chungu kilichovunjika, vidogo kama punje za mahindi, vinatosha kabisa kuzuia maji yasirukeruke, ilimradi viingie kabla ya moto.

Kuna anayeuliza kwa nini nihangaike, wakati mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne unapenda zaidi titresheni, yaani kupima asidi kwa kuidondoshea kwenye besi. Jibu langu la kwanza ni kwamba watoto wa huku wanakujua kukeneka kabla hawajafika shuleni. Msimu wa korosho wanaona mabibo yakivundikwa, wanajua gongo inavyopikwa porini, mrija ukipita kwenye mtumbwi wa maji. Sheria imeikataza gongo na mimi nimeona ilichowafanyia watu. Bora basi mtoto ajifunze kwa kioo, kweupe, kwa nini kipimajoto kinasimama nyuzi 78 pale ethanoli inapotoka, kuliko maarifa yote hayo kubaki vichakani.

La pili ni la mfukoni. Tunanunua maji yaliyokenekwa kwa ajili ya kutengeneza myeyusho wa nitreti ya fedha, ile ya kupimia kama maji yana chumvi, na mingine, na bahari iko pale. Kwenye mashamba ya chumvi wanaacha maji yapotee wapate chumvi. Sisi tunashika maji tunaiacha chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ukidondoshea nitreti ya fedha kwenye maji ya bahari yanageuka meupe kama tui. Dondoshea kwenye yale yaliyotoka kwenye kondensa, yanabaki maangavu. Darasa zima hunyamaza hapo.

Mwisho wa muhula uliopita mwalimu wa shule jirani alikuja kwangu kwa bodaboda, kondensa ya 24 ameipakata imezungushiwa kanga mbili. Tuliifunga kwenye kichwa changu ikakaa barabara. Jumamosi ijayo tunakutana tena, safari hii tumewaita na walimu wa shule nyingine nne. Kila mmoja tumemwomba aje na vipande vyake vyote, hata vilivyopasuka, na rula.