Marufuku ya miaka 16: Je, sheria ya Australia itawalinda watoto wa huku kwetu?

Tangu tarehe 10 Desemba 2025, mtoto wa Australia ambaye hajatimiza miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti ya TikTok, Instagram, Facebook, Snapchat, X wala YouTube. Sheria haimwadhibu mtoto wala mzazi wake. Anayebanwa ni kampuni: ikizembea inaweza kutozwa faini ya hadi dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Mzazi wa Mwanza au Kisumu akisikia hivyo ana haki ya kuuliza kwa nini nasi tusifanye vilevile.

Wanaoitaka marufuku wana hoja moja nzito ambayo wapinzani huipita juu juu. Mzazi akiwa peke yake hana nguvu. Ukimkataza binti wa kidato cha pili Instagram ilhali darasa zima wanayo, umemtenga na wenzake. Ataifungua kwa siri, na siku akipatwa na shida huko hatathubutu kukuambia. Katazo likiwahusu wote, ugomvi huo unapungua makali. Wala hatari yenyewe si ya kubuni. Nyaraka za ndani za Facebook, mmiliki wa Instagram, alizozitoa aliyekuwa mfanyakazi wake Frances Haugen mwaka 2021 zilionyesha watafiti wa kampuni hiyo wakiandika wenyewe kwamba Instagram inawazidishia wasichana wengi unyonge kuhusu miili yao. Septemba 2022, mchunguzi wa vifo jijini London alihitimisha kwamba maudhui ya mtandaoni yalichangia kifo cha Molly Russell, msichana wa miaka 14 aliyefariki mwaka 2017 baada ya kujidhuru.

Hata hivyo baba wa Molly, Ian Russell, haungi mkono marufuku ya jumla. Anataka makampuni yabanwe kwa kile yanachowasukumia watoto. Nami nikitazama yaliyotokea Kenya, naegemea upande wake.

Machi 2025, BBC ilifichua jinsi wasichana wa Kenya, wengine wa miaka 15, walivyotumiwa kwenye matangazo mubashara ya TikTok yenye maudhui ya ngono. Watazamaji walilipa kwa zawadi za mtandaoni, na TikTok ilibaki na takriban asilimia 70 ya thamani yake. Kampuni ilijibu kwamba haivumilii unyonyaji wa aina hiyo. Ila kanuni yake ilikuwa tayari inamzuia aliye chini ya miaka 18 kurusha matangazo hayo. Kikomo cha umri kilikuwepo tangu mwanzo, tena cha juu kuliko cha Australia. Kilikwepwa kwa sababu watu wazima wenye wafuasi wengi waliwafungulia wasichana hao uwanja, na kila zawadi iliyotumwa iliiingizia kampuni pesa.

Ukiongeza na namna tunavyotumia simu, pengo linakuwa kubwa zaidi. Laini nyingi wanazotumia watoto zimesajiliwa kwa jina la mama, mjomba au kaka mkubwa. Simu moja hushikwa na nyumba nzima. Kumtambua mtoto hapo kunadai kila mtumiaji, mzee kwa kijana, atoe kitambulisho au apigwe picha ya uso, na taarifa hizo zikae kwa kampuni ambayo haina hata ofisi mtaani kwetu. Halafu kuna WhatsApp, ambayo sheria ya Australia haikuigusa. Utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na UNICEF, ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono) na INTERPOL katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya na Tanzania, ulionyesha kwamba mara nyingi anayemdhulumu mtoto kupitia mtandao ni mtu anayemfahamu tayari. Huyo ana namba yake. Hahitaji kumtafuta TikTok.

Jambo lingine halizungumzwi vya kutosha, nalo ni shule za bweni. Huku tayari tuna marufuku yetu: mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni kwa miezi mizima, kisha likizo inafika anakabidhiwa simu na bando, bila mtu wa kumwelekeza. Anajifunza usiku, peke yake, jinsi ya kumkwepa mgeni anayeomba picha, au jinsi ya kuishi na vitisho baada ya kuituma. Kumsogezea mlango hadi miaka 16 hakumpi ujuzi huo. Namba 116, ya bure Kenya na Tanzania kwa kuripoti madhila ya watoto, ingepaswa kubandikwa kwenye kila bweni.

Sisemi umri usiguswe. Miaka 13 inayotumiwa na makampuni kama umri wa chini wa kufungua akaunti, chanzo chake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu taarifa za watoto, wala haikupimwa kwa ukomavu wa kijana. Ikipandishwa sitalalamika. Ila ningependa nguvu ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ianzie penye pesa: akaunti ya kijana iwe ya faragha tangu inapofunguliwa, mtu asiyemfahamu asiweze kumtumia ujumbe, na kampuni irudishe kila shilingi iliyopatikana kutokana na mtoto. Wakaguzi wa maudhui nao wawe watu wanaoielewa Sheng na Kiswahili cha mtaani. Katika kisa kile cha Kenya, mmoja wao aliiambia BBC kwamba orodha ya maneno yaliyokatazwa waliyopewa haikuzingatia lugha ya mtaani, na ndiyo iliyokuwa ikitumika kutangaza biashara yenyewe.