Maji ya Betri

Dereva wa idara yetu hapa Kisumu si mtu wa kemia, lakini anajua maji ya betri ya bure yanapatikana wapi: labu. Joto la huku hukausha betri, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi huja na chupa tupu ya soda, akachota kwenye mtungi wetu wa maji yaliyotoneshwa, akaenda zake.

Mimi wakati huo nilikuwa nachunguza umbo la peptidi, yaani kiprotini kifupi. Unaipiga mwanga wa infraredi, vifungo vinatikisika, kila kimoja kwa mdundo wake. Peptidi ikijisokota kama springi, mlima wake kwenye grafu unatokea karibu na mawimbi 1,650 kwa sentimita. Ikijitandaza kama mkeka, unateremka mpaka karibu na 1,630. Umbo unalisoma bila kuliona. Kasoro ni kwamba maji nayo hutikisika papo hapo, kwenye 1,640, na kwa kelele zake peptidi haisikiki. Ndiyo maana tunatumia maji mazito, yenye deuteri, yaani hidrojeni nzito, badala ya hidrojeni ya kawaida. Yenyewe hutikisikia huko chini, kwenye 1,210, yakatuachia uwanja.

Mililita 100 zilitoka ng'ambo. Tulizisubiri miezi miwili. Bei sitaji, mama yangu anaweza kusoma hapa.

Siku hiyo nilikuwa kwenye simu na mwenye nyumba, namweleza habari za kodi (mnajua mazungumzo hayo yalivyo marefu), dereva akaingia na kuinua chupa yake. Nikamwonyesha mtungi kwa mdomo, kama tunavyoonyesha sisi sote. Sasa, mdomo si rula. Kati ya mdomo wangu na mtungi palikuwa na meza, na juu ya meza palikuwa na ile chupa.

Nilipokata simu, niliikuta imerudishwa mahali pake, kizibo kimefungwa vizuri. Tupu. Mtu mstaarabu sana.

Nikateremka ngazi mbio. Boneti la pikapu lilikuwa wazi.

"Mzee, umeweka yote?"

"Yote, daktari. Kachupa kenyewe kadogo, siku hizi mnabana?"

Nikamwambia yale ni maji mazito. Akaitazama betri, akanitazama mimi. "Mbona yalimiminika vizuri tu?"

Nikaulizia bomba la sindano niyafyonze. "Humo kuna asidi," akasema. "Utatoboa suruali, na maji huyapati."

Kesho yake nikaipima peptidi kwenye maji ya kawaida, nikijitia sijui kitu. Profesa akautazama ule mlima mmoja mnene uliofunika kila kitu.

"Hii si peptidi," akasema. "Hili ni Ziwa Victoria."

Ikabidi niseme ukweli. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Mwisho wa mwezi dereva akarudi, uso umejaa tabasamu. "Daktari, gari siku hizi linawaka mara moja! Yale ya kwenye kachupa hayajabaki kidogo?"