Acheni kukremu orodha za maneno, someni habari nzima

Wiki mbili zilizopita dogo mmoja wa fomu tuu wa hapa mtaani aliniletea kaunta buku lake nimwangalizie, maana anajua jioni huwa nawasaidia wenzake masomo. Nikafungua. Kurasa kama 30 hivi zimejaa maneno ya Kiingereza upande wa kushoto, maana kwa Kiswahili upande wa kulia, katikati mstari umepigwa kwa rula, mwandiko safi kabisa, yaani kazi ya mtu aliyekaa chini akajituma kweli. Nikamwambia haya, chagua neno lolote humu unitungie sentensi. Akaangalia ukurasa, akafunua mwingine, akarudi nyuma, mwisho akaniambia, "Kaka, maana nazijua, ila sijui yanatumikaje."

Iliniuma aisee. Iliniuma kwa sababu lile daftari ndo lilikuwa langu miaka ile, tofauti ni jina tu kwenye jalada.

Mi nimesoma shule ya msingi ya serikali kule Mtwara, kila kitu kwa Kiswahili isipokuwa somo la Kiingereza lenyewe, halafu Januari moja naingia kidato cha kwanza nakuta Bailojia, Jiografia, Hesabu, Historia, vyote vimegeuka lugha. Mwalimu anajaza ubao, sisi tunanakili, kengele inalia, anaingia mwingine. Nikajipangia maneno 20 kila usiku baada ya prepu. Ikifika Ijumaa nina maneno 100 kwenye karatasi, ila kichwani nimebaki na ya Alhamisi, nayo nusu nusu. Nikaamini mi sina akili ya lugha. Nimewasikia madogo wengi sana wakijisemea hivyo hivyo na kila nikisikia huwa nataka kuwashika mabega, kwa sababu akili wanayo, njia ndo wamepewa mbovu.

Kuna mwanasaikolojia mmoja Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alichapisha utafiti wa kumbukumbu alioufanya kwa kujipima mwenyewe. Alikuwa anakariri safu za silabi zisizo na maana yoyote, na alifanya hivyo makusudi ili maana isije ikamsaidia kukumbuka, halafu anajipima baada ya dakika kadhaa, baada ya saa, baada ya siku, mpaka mwezi. Akakuta kusahau kunakwenda mbio mwanzoni kabisa, ndani ya saa moja tu sehemu kubwa imeshapotea, ndo baadaye kasi inapungua. Sasa tazameni jambo lenyewe: yule bwana alihangaika kutengeneza vitu visivyo na maana. Sisi tunachukua maneno yenye maana zake, tunayang'oa kwenye sentensi yaliyokuwa yamekaa, tunayaanika mstarini moja moja mpaka yanakuwa kama zile silabi zake, halafu tunamlaumu mtoto kwamba hashiki.

Kilichonitoa mimi ni karatasi ya vitumbua. Nje ya geti la shule kulikuwa na mama anauza vitumbua, anafungia kwenye vipande vya magazeti ya zamani, na siku moja nikapata kipande cha gazeti la Kiingereza kina habari ya korosho. Imekatwa juu na chini, mafuta yamelowa katikati, sikuwa na mwanzo wala mwisho wa habari. Lakini korosho nazijua! Nimekua nikiwaona wazee wanapeleka magunia kwenye chama cha msingi, mzigo unaenda ghalani, mkulima anabaki na stakabadhi yake, halafu siku ya mnada miaka ile wanunuzi wanaleta bei zao kwenye bahasha zimefungwa na zinafunguliwa mbele ya wakulima, watu wamesimama juani wanasubiri kusikia kilo moja imekuwa shilingi ngapi na kama haijawaridhisha wanagoma kuuza. Kwa hiyo nilipofika kwenye neno nisilolijua, katikati ya wanunuzi na wakulima na bei, nikajua tu hapa pametajwa mnada. Sikufungua dikshenari. Ile hali ya kujua neno bila kuambiwa na mtu sijawahi kuisahau, na neno lenyewe mpaka leo nikilisikia linanijia na harufu ya iliki.

Toka siku hiyo nikawa nakusanya yale makaratasi, na nikagundua habari za vitu ninavyovijua nazisoma mpaka mwisho hata zikiwa na maneno mapya kibao, ila habari za vitu nisivyovijua zinanigomea hata zikiwa nyepesi. Ndo maana nawaambia madogo waanze na kitu ambacho tayari wanakijua na wanakipenda. Kama ni mpira, soma mpira. Kama kwenu mnafuga kuku, soma ufugaji wa kuku. Mzazi akimkuta mtoto kainamia gazeti la michezo asimpokonye amrudishe kwenye daftari la notsi, pale pale kwenye mpira ndo anajifunza kusoma.

Halafu kuna hili la Kiswahili, ambalo kiukweli linanikera kuliko yote. Shule niliyosoma ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzako naye ateleze umvishe. Matokeo yake hatukuongea Kiingereza zaidi, tulinyamaza. Darasa zima limekaa kimya, mwalimu anauliza swali hakuna mkono, kwa sababu mdomo ukishajifunza kuogopa haufunguki kwa lugha yoyote. Na hasara kubwa zaidi ni kwamba tulifundishwa kukidharau kile kidogo tulichokuja nacho, wakati kile ndo kilikuwa ngazi.

Chukua kipenyo, neno la hesabu tulilosoma tukiwa wadogo. Limetokana na kupenya: ni ule mstari unaopenya duara kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine ukipita katikati. Mtu akishaliona hivyo hawezi kuchanganya kipenyo na mzingo, maana mzingo unazunguka na kipenyo kinapenya. Mlinganyo ni pande mbili zinazolingana. Usanisinuru umebeba nuru ndani yake, jani linatumia mwanga kujitengenezea chakula. Kivumishi kinavumisha, kielezi kinaeleza, kiunganishi kinaunganisha. Maneno yetu mengi yameandikwa maana yake usoni! Sasa mtoto anayeelewa mlinganyo ni nini, siku akikutana na ikwesheni kazi yake ni ndogo tu, kuweka jina jipya juu ya kitu anachokifahamu. Ila yule tuliyemfanya auonee aibu mlinganyo tunampa mizigo miwili kwa mpigo, jina jipya na kitu kipya.

Najua kuna mtu atanitajia Malcolm X, yule mpigania haki za Wamarekani weusi, kwamba mbona yeye alijifunza kwa kunakili kamusi, huwa wananitajia sana. Ni kweli, akiwa gerezani Norfolk kule Massachusetts miaka ya mwisho ya 1940 aliomba kamusi, karatasi na penseli, akanakili ukurasa wa kwanza wote kwa mkono mpaka vituo vya uandishi, ikamchukua siku nzima, akajisomea kwa sauti, kesho yake akaendelea na wa pili. Huyo huyo aliyekuja kutembelea Dar es Salaam mwaka 1964. Lakini wanaomtaja huishia hapo kwenye kunakili. Hawasemi kwamba alianza kwa sababu alikuwa anashika vitabu na karibu kila sentensi ina maneno asiyoyajua na alikuwa anataka mno kuvisoma, na hawasemi kwamba baada ya hapo alisoma mpaka taa za saa nne usiku zikizimwa anakaa sakafuni karibu na mlango ili apate ule mwanga wa kwenye korido. Kamusi ilikuwa ufunguo, lakini vile vitabu ndo vilikuwa nyumba aliyotaka kuingia. Sisi tunawapa watoto funguo za kurasa 30 kwenye kaunta buku na nyumba hatuwaonyeshi.

Kuhusu kuchagua cha kusoma, kuna watafiti wawili wa lugha, Marcella Hu na Paul Nation, mwaka 2000 waliangalia msomaji anatakiwa ajue maneno mangapi kwenye habari ili aielewe vizuri bila msaada, wakapata kama asilimia 98. Piga hesabu: ukurasa wa maneno 300 usiwe na zaidi ya maneno sita mapya. Kwa hiyo funua kitabu katikati, soma ukurasa mmoja huku unahesabu kwa vidole, ukimaliza mkono mmoja na kwenye wa pili umefika kidole cha pili weka chini, utakirudia mwakani. Hakuna aibu yoyote fomu tuu kusoma kitabu cha darasa la sita. Aibu ni ile ya kubeba kitabu kinene mwezi mzima alama ipo ukurasa wa nne.

Na muda uwe mdogo wa kila siku. Dakika 20 zinatosha, simu iwe chumba kingine kabisa maana ukiiweka kifudifudi pembeni yako bado unaisikia. Mi nilikuwa nasoma saa kumi na moja alfajiri kabla wenzangu hawajaamka, wewe tafuta saa yako.

Neno jipya ukikutana nalo usikimbilie kamusi hapo hapo, maliza aya kwanza, kisia, ndo ukahakikishe. Na kutumia kamusi nako kunafundishwa jamani, nimeona wanafunzi wa kidato cha nne wanasema Kamusi ya Kiswahili Sanifu haina neno "nyuzi" kumbe wanatafuta kwenye N wakati limekaa kwenye uzi. Meno yapo kwenye jino, kuta zipo kwenye ukuta, na "wamenisomesha" hulipati popote mpaka uvue viambishi vyote ufike kwenye soma. Nusu saa tu ya mwalimu kuonyesha hili ingeokoa miaka ya mtoto kudhani kamusi haimhusu.

Kisha andika sentensi nzima uliyolikuta neno, na chini yake sentensi yako mwenyewe kuhusu kitu cha kwenu. Maneno matatu kwa siku yanatosha, ila yarudie kesho, keshokutwa, wiki ijayo.

Yule dogo nilimpa habari moja ya mechi, nusu ukurasa, nikamwambia alete maneno manne tu. Jumapili akaja nayo, kila neno na sentensi zake mbili, moja ya gazeti na moja yake. Ya tatu ilikuwa kuhusu bibi yake anavyogombana na kunguru kwenye dagaa alioanika, kaitunga kwa Kiingereza, ina makosa mawili ya sarufi, nikamwomba airudie kwa sauti na akairudia mara tatu huku anacheka. Kisha akauliza kama nina gazeti jingine.